Safu ya Saba

Jina lake huandikwa kwa c, hutamkwa kwa j:
Nurcan, wa Kayseri, mji wenye theluji mlimani,
mama yake hupiga vanishi meza kiwandani.
Mimi wa Ngamiani, Barabara ya Nane,
binti wa fundi baiskeli.
Mwalimu Kihiyo alitufunga pamoja kama ndoo na kamba:
"Andikeni bajeti moja ya nyumba mbili.
Mwezi mmoja, jedwali moja, na msidanganyane."

Siku ya kwanza tulikosana.
Aliandika tukutane saa mbili.
Nikaja asubuhi, chumba cha kompyuta kingali na unyevu wa deki,
nikakaa na kioo kinachonitazama hadi kengele ya mapumziko.
Yeye alikuja saa nane, akanikosa.
Saa za Kayseri na Tanga hazipishani hata dakika,
ila sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza,
wao huanza usiku wa manane.
Nikamwambia: basi hata pesa, tuulizane kwanza
kila mtu anaanzia wapi kuhesabu.

Jedwali lilikuwa na safu sita:
mapato, chakula, nauli, ada, bando, akiba.
Zake zilijaa upesi.
Zangu zilikataa kutulia.
Mapato ya baba? Yategemea misumari barabarani.
Jumatatu pancha nne, Jumanne spoki na mnyororo,
Jumatano mvua, watu wakakokota.
Nikaandika wastani.
Wastani ukaonekana kama mtu nisiyemjua
aliyevaa viatu vya baba.

Ndipo akaniuliza, kwa adabu ya mgeni:
"Elfu tisini na mbili hizi zimekwenda wapi?
Hazimo kwenye chakula, hazimo kwenye akiba."

Nikaleta daftari la baba, kurasa zina grisi,
nikamsomea mbele ya kamera:
Mama Chausiku, tairi la nyuma, atalipa mchezo ukimfikia.
Kijana wa maziwa, breki, katoa nusu.
Mwenye kofia ya kijani, jina sikumuuliza, tyubu.
Rambirambi kwa Shekilindi, elfu kumi.
Harusi ya yule aliyetuchangia, elfu ishirini.
Sheuya, pedeli. Nimemsamehe, asijue.

"Nimemsamehe, asijue," akarudia Nurcan.
"Hiyo ni gharama au ni akiba?"
Mtandao ukakatika hapo, uso wake umeganda, mdomo wazi.
Swali likabaki kwangu wikendi nzima
kama punje ya mchanga ndani ya chapati.

Nilipompata tena, alikwisha kumuuliza mama yake mchezo ni nini.
Mama alicheka. Kumbe kwao wanawake hukutana kwa zamu,
chai na keki, kila mmoja na kipande chake cha dhahabu,
na mwezi wako ukifika unarudi nyumbani mkoba mzito.
"Nimekula keki hizo tangu utoto," akaandika,
"sikujua nimekaa benki."

Lakini. Nurcan haachi lakini.
"Lakini baba yako anakula mtaji. Nimepiga hesabu mara tatu."
Nikanuna siku mbili. Siku ya tatu nikapiga mimi.
Alisema kweli. Ada yangu ya muhula imo mle,
imepanda baiskeli za watu, inazunguka Ngamiani.

Tukaongeza safu ya saba.
Yeye alitaka iitwe Madeni, mimi nilitaka iitwe Watu.
Tulibishana mpaka bando likaisha,
tukaiacha bila kichwa,
na chini, penye jumla, pakabaki peupe.
Mwalimu Kihiyo akatupa kumi na nne kwa ishirini
na alama ya kuuliza kwa wino mwekundu.

Usiku nikamwonyesha baba jedwali kwenye simu.
Alisoma polepole, kidole kikiacha weusi juu ya kioo.
Alipofika kwa Sheuya akanyamaza.
"Hili lifute. Si la kwenda Uturuki."
Nikalifuta.
Kisha akauliza: "Huyo mwenzio ana baiskeli?"
"Anayo."
"Mwambie akipata pancha asihangaike.
Atalipa akipata."